Jemadari Anapoambiwa Aondoke

Aghalabu tunapoulizana kwa nini majeshi mengi ya Afrika yalitoka kambini yakaingia ikulu na la Tanzania halikutoka, jawabu huwa tayari mdomoni: ni chama, ni siasa waliyofundishwa makurutu, ni Mwalimu Nyerere. Silibatilishi jawabu hilo, maana lina ukweli mwingi. Ila naona linasahau kwamba siasa haikagui gwaride wala haishiki ufunguo wa ghala la silaha, na kwamba baina ya chama na askari palikuwa na mtu, Mirisho Sarakikya, mzaliwa wa Meru, aliyelishika jeshi hilo toka 1964 hata 1974, na ambaye sifa yake kubwa, kwangu mimi, si jinsi alivyoupata ukuu bali jinsi alivyouacha.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito (ndiyo Lugalo ya leo, na jina hili la ushindi wa Wahehe laifaa zaidi), waliwatia nguvuni maofisa wao wa Kiingereza, wakateremka mjini Dar es Salaam wakidai mambo mawili: mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hata 260, na Waingereza wawapishe Waafrika. Siku ya pili yake kikosi cha Tabora kikafuata, na huko ndiko alikokuwa Kapteni Sarakikya, aliyehitimu Sandhurst mwaka 1961. Waasi wakamtaka yeye awe mkuu wao. Hebu tuupime uzito wa jambo hilo: kijana anakabidhiwa hatamu na watu wenye bunduki, serikali iko mbali, na huko iliko Rais mwenyewe amefichwa asijulikane alipo. Aliupokea ukuu ule akautumia kuwatuliza walewale waliompa, na Waingereza wakaondoka Tabora salama.

Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza, walioitwa na Nyerere kwa uchungu mkubwa, waliteremka kutoka manowari ya Centaur, na maasi yakazimwa. Hapo ndipo njia ya Tanganyika ilipoachana na ya Uganda. Askari wa Jinja nao walikuwa wameasi wiki ileile. Kiongozi wa Uganda, Milton Obote, aliwaachia nyongeza ya mshahara waliyoidai, akabaki na jeshi lilelile, na Idi Amin, aliyepata uofisa mwaka uleule wa 1961, akazidi kupanda ngazi hata tarehe 25 Januari 1971 akampindua aliyempandisha. Nyerere alilivunja jeshi zima, akawaomba Wanigeria askari wa kulinda nchi kwa muda, akaanza upya kwa vijana wa chama chake, TANU. Na lilipozaliwa Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba 1964, mkuu wake alikuwa Sarakikya, aliyerushwa hata cheo cha brigedia akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Kwa kanuni za majeshi, kule kulikuwa kumpa mtoto wembe.

Wala tusidhani kwamba mafundisho ya chama yalimkinga kila mtu. Katika kesi ya uhaini ya 1970 walishitakiwa maofisa wa jeshi hilohilo, na Oscar Kambona, waziri aliyewaendea waasi wa Colito kuwasihi, alitajwa kuwa mkubwa wa njama akiwa uhamishoni London. Na mwaka 1983 wakakamatwa wengine. Basi maadam tamaa ilikuwapo, na silaha zilikuwapo, ni lazima tuihesabu pia tabia ya yule aliyekaa juu yao.

Mwaka 1974, akiwa na miaka kama arobaini, umri ambao majemadari wengine ndipo huanza kuona utamu wa amri, Sarakikya aliambiwa ampishe Abdallah Twalipo. Akampisha, akaenda kushika wizara ya utamaduni na vijana, na baadaye ubalozi. Twalipo naye akampisha David Musuguri mwaka 1980, na tangu hapo mkuu wa majeshi kuondoka kwa barua imekuwa ada isiyomshangaza mtu.

Lakini mlango ule aliotokea una gharama yake, nasi tumechelewa kuihesabu. Wizara na ubalozi vilikuwa tadbiri ya kumpa afisa kijana mahali pa kwenda, katika zama ambazo askari alikuwa mwanachama kama raia mwingine. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi, na Katiba ikamkataza askari kujiunga na chama chochote. Walakini desturi ya kuwapa maofisa wastaafu ukuu wa mikoa na wilaya iliendelea. Ubalozi siugombi, kwani kazi ya balozi ni kuagizwa na kutii. Mkuu wa mkoa, kinyume chake, huongoza kamati ya ulinzi na usalama, na wanaomjia ofisini ni wapinzani wenye haki ya kufanya mikutano, wakulima wenye haki ya kukataa, na waandishi wenye haki ya kuuliza, ambao hakuna hata mmoja aliyeapa kumtii. Mstaafu wa leo ana umri na pensheni, na ile hofu ya 1974, ya kumwacha jemadari kijana bila mahali pa kwenda, haipo tena; kwa hiyo sioni kwa nini nafasi hizo zisiachwe kwa raia.