*TAARIFA KWA WANACHAMA: MASHINA YA BONDENI HAYAACHWI*



Tangu juzi humu kundini kuna hoja kwamba fedha za uhamasishaji ziondolewe mashina ya bondeni zipelekwe ya barabarani, maana bondeni "tumeshashindwa". Mwenzetu akatolea mfano weusi wa Marekani: walipo wengi wanashinda, walipo wachache wanashindwa, basi. Hatukubaliani naye, ila mfano wake tunauchukua.

Mississippi ndilo jimbo lenye asilimia kubwa zaidi ya weusi, takriban 38. Hata hivyo tangu karne ya 19 hakuna mweusi aliyeshinda nafasi inayopigiwa kura na jimbo zima. Weupe wengi mno huko hupiga kura upande mmoja, na katiba ya 1890 iliandikwa makusudi kuwatoa weusi daftarini.

Georgia weusi ni kama theluthi moja. Stacey Abrams alianzisha huko taasisi ya kuandikisha wapiga kura, New Georgia Project, mwaka 2013. Mwaka 2018 akakosa ugavana kwa kura kama 55,000. Hawakufunga daftari. Mwaka 2020 Biden alilichukua jimbo kwa kura 11,779, na Januari 2021 Raphael Warnock akawa seneta mweusi wa kwanza wa Georgia. Si kazi ya uandikishaji peke yake, Atlanta nayo imepokea wahamiaji wengi. Lakini wahamiaji bila kuandikishwa ni wapangaji tu.

Na wale wa barabarani wasijione wameshashinda. Wisconsin, kaskazini, ilihesabiwa kuwa ya Democrats. Mwaka 2016 Hillary Clinton hakukanyaga huko kampeni nzima ya uchaguzi mkuu. Weusi wengi wa Milwaukee walibaki nyumbani, na jimbo likapotea kwa kura zisizofika 23,000.

Jambo moja linatuuma sisi tunaoshika vitabu: Januari 2025 taasisi ileile ya Georgia ilitozwa faini ya dola 300,000 kwa kutotangaza mapato na matumizi ya kampeni. Mwaka huohuo ikafungwa. Kazi ya miaka yote hiyo!

Kwa hiyo fedha za bondeni zinabaki bondeni. Kila kiongozi wa shina, bondeni na barabarani, alete ofisi ya tawi Jumamosi saa 10 jioni orodha ya waliohamia, waliohama na waliofikisha miaka 18, pamoja na risiti za mwezi uliopita. Asiye na risiti hatapewa fungu jipya.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi