Kalemie: kabureta haipimwi kwa sikio peke yake

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Kila asubuhi kwenye parkingi za wamotari utakuta fundi ameinama kando ya pikipiki, turnevisi mkononi, anazungusha skurubu ya kabureta huku akisikiliza mlio. Injini ikitulia, analipwa. Siku mbili baadaye mteja anarudi: esansi inaisha mbio, au moto unakosa nguvu mlimani.

Skurubu ile inaongoza injini inapongoja bila kutembea, na pale gesi inapoanza tu kuvutwa. Motari akibeba mama wawili na mfuko wa unga kuelekea kambi ya wakimbizi wa ndani, gesi imevutwa yote, esansi inapita kwenye jikileri, kile kishaba chenye tundu dogo. Hapo skurubu karibu haina neno. Kwa hiyo kumlaumu kadafi kwamba chupa zake hazijai si haki kila mara (ingawa siku nyingine ni haki kabisa).

Penye gereji kubwa kuna mashine ya dinamometa. Gurudumu la nyuma linazungusha rola nzito, injini inafanya kazi kama inapanda mlima, mashine inaonyesha nguvu, na kipimo kwenye ekzosi kinaonyesha oksijeni iliyobaki. Kilo 1 ya esansi inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Chini ya mzigo mkubwa injini inapenda hewa pungufu kidogo, karibu 12.5 hadi 13.

Kalemie haina haja ya kungojea mashine hiyo. Mlima upo, mzigo upo. Kwanza safisha filtri ya hewa, maana vumbi la kiangazi peke yake linatosha kuharibu hesabu. Kisha pima nusu lita ya esansi, tembea njia ileile na mzigo uleule, hesabu umefika wapi. Badilisha kitu kimoja tu, rudia. Panda mlima gesi yote, zima injini papo hapo ukishika klachi, ngoja ipoe kidogo, ufungue buji: rangi ya kahawia ni nzuri, masizi meusi ni esansi nyingi mno, nyeupe ni hewa nyingi mno na injini inaungua.

Hiyo nyeupe ndiyo ya kuogopa. Wako wanaoingiza uzi wa shaba ndani ya jikileri ili wapunguze matumizi. Faranga chache zinabaki mfukoni, lakini joto linapanda, na mwisho wake ni valvu au pistoni. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha shamba, pikipiki ya kukodi ndiyo shamba. Pistoni ikiungua, mwenye pikipiki anachukua chombo chake, na deni linabaki kwa kijana.

Tena, kipimo cha Kalemie si cha kila mahali. Hapa ziwani ni mita kama 770 juu ya bahari. Anayepanda Marungu, upande wa Moba, anaweza kupita mita 2,000, na kwa kila mita 1,000 hewa inapungua karibu sehemu 1 ya 10. Pikipiki ile ile itatoa moshi mweusi huko juu. Si uchawi wala esansi mbaya. Asiyejua hilo atabadilisha jikileri juu, halafu ataunguza injini akirudi chini.

Fundi atasema mteja ana haraka. Ni kweli, na hakuna anayemlipa kwa kupima. Ndiyo maana jambo hili si la fundi peke yake. Mashirika yanayofundisha vijana wa kambini ufundi wa pikipiki yafundishe kipimo hiki pamoja na kufungua injini. Chama cha wamotari nacho kinaweza kuanza na pikipiki tatu, mlima mmoja na chupa moja ya nusu lita, matokeo yaandikwe kwenye ubao hapo parkingi.