Kwa Nini Hoteli za Lodwar Zinauogopa Mkoma?

Juu ya nidhamu na mitihani wenzangu wameshaandika vya kutosha. Mimi nataka tuingie hotelini. Si kula, kuangalia tu, maana kuangalia hakulipiwi.

Tangu serikali ya kaunti ianze kazi mwaka wa 2013, hoteli zimechipuka hapa kwetu kama uyoga. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, huzipita kila siku nikienda shule. Ukiingia katika zile zinazojiita za kisasa utakuta nini? Dari nyeupe yenye taa za rangi, madirisha makubwa ya vioo yasiyofunguka, makochi mazito ya ngozi ya bandia, na maua ya plastiki juu ya kila meza. Ati ndiyo staili ya Nairobi! Sasa fikiria wewe mwenyewe. Mchana joto la Lodwar hupita digrii 35. Kioo kinakaribisha jua ndani, dari imeshushwa hata hewa ya moto haina pa kupanda, nalo kochi linakunata mapajani kama gundi. Stima ikipotea, pangaboi likanyamaza, wateja wote mbio nje chini ya mti.

Na kando ya mto Turkwel kumejaa mikoma, ambayo sisi twaiita eng'ol. Wazee wetu waliezeka kwa majani yake: upepo unapita, kivuli kinabaki. Akina mama huyakausha, wakayapasua, wakayatia rangi na kusuka vikapu na mikeka. Mama yangu ni mmoja wao, na karo yangu ya muhula wa kwanza ilitoka humo. Mwaka jana yeye na wenzake walikuwa wakiuza mbele ya hoteli moja mjini. Wakafukuzwa. Waliambiwa wanaharibu sura ya mahali. Kumbe ndani ya hoteli hiyo hiyo mkate huletwa katika kikapu cha plastiki kilichotengenezwa kifanane na cha kusukwa!

Wa mbali waliiona thamani hii zamani. Mwaka wa 1970 Mmarekani Alan Donovan alisafiri hadi Turkana akakusanya vyombo vyetu, akavionyesha Nairobi. Baadaye yeye na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, walianzisha African Heritage, duka la sanaa lililosifika hata ng'ambo. Vyetu vilipata heshima Nairobi, nasi twaagiza plastiki kutoka huko huko.

Anayedai kwamba mambo ya asili hayafai hotelini na apande gari aende Kakuma, kilomita kama 120 tu. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka wa 1992, na Wahabeshi wakafungua mikahawa humo. Niliingia mmoja na binamu yangu. Nje ni mabati matupu. Ndani, aisee! Viti vifupi vya mbao, buni zinakaangwa mbele yako juu ya makaa, ubani unafuka, kahawa inamiminwa kutoka birika jeusi la udongo. Injera inaletwa juu ya mesob, yaani kikapu kikubwa cha kusukwa kinachosimama chenyewe. Kikapu ndicho meza! Desturi yao hutaka nyasi mbichi sakafuni, lakini Kakuma nyasi utazitoa wapi? Wametandika zulia la kijani la plastiki. Hapo nilicheka kidogo. Hata hivyo, mtu aliyeacha kwao anajitahidi chumba kifanane na kwao, na sisi tulio kwetu tunahangaika kifanane na kwa wenyewe.

Najua matajiri watasema mkeka unashika vumbi na wageni wa mashirika wanataka makochi. Vumbi la Lodwar linashika kila kitu, hata hayo makochi. Sikatai pangaboi, wala vigae sakafuni, kwa sababu vina baridi na ni rahisi kupiga deki. Lakini dirisha lifunguke. Paa liinuliwe, na chini ya mabati itandazwe mikeka ya mkoma badala ya ile dari. Ukichakaa mmoja unanunua mwingine, na mtoto wa mtu anabaki darasani.

Siku hizi mama anauza karibu na stendi. Mwenye hoteli akitaka meza ya kikapu, alete vipimo tu. Bei watapatana.