Beki huiva taratibu: Somo la Oduya kwa vijana wa Nyamagana

DIRISHA la usajili likifunguliwa, mjadala wa vijiwe vya Mwanza ni mmoja tu: nani analeta mabao? Beki anatajwa siku akikosea. Kijana wa miaka 20 anayecheza nyuma pale Uwanja wa Nyamagana akikaa misimu miwili bila timu ya maana, mtaa mzima unamwambia akatafute bodaboda.

Kwa jambo hili kuna jamaa wa kumtazama, japo hakuwa mwanakandanda. Ni Johnny Oduya, mtoto wa baba Mkenya na mama Mswidi, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1981. Alikuwa beki, ila wa hoki ya barafuni.

Kule kila timu inaingiza watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanateleza na viatu vya chuma wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa dakika 60. Mabeki wakiwa wawili tu, ukipitwa wewe, kipa yuko peke yake. Kazi ngumu hiyo.

Mwaka 2001 klabu za NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, zilipopokezana kuchagua vijana, Washington Capitals walimchukua Oduya akiwa namba 221. Yaani vijana 220 walionekana bora kuliko yeye. Hakuwahi kuichezea Washington. Alirudi Sweden akapiga kazi daraja la pili, akapanda hadi Djurgården, kisha Frölunda. New Jersey Devils wakamsajili 2006, na mechi yake ya kwanza NHL aliicheza akiwa na miaka 25.

Umri huo kwetu tayari tunaanza kuuliza kama mtu “ameisha”. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alicheza NHL mechi zaidi ya 800.

Mwaka 2013, akiwa Chicago Blackhawks, walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Boston katika mechi ya sita ya fainali, zimebaki kama sekunde 76. Chicago wakafunga mawili ndani ya sekunde 17 na kubeba Kombe la Stanley. Bao la ushindi lilianza na shuti la Oduya kutoka nyuma, likagonga mwamba, Dave Bolland akamalizia. Mfungaji ndiye anayekumbukwa.

Mwaka 2015 ndiyo alionyesha ubeki wenyewe. Michal Rozsival alivunjika kifundo cha mguu, kocha Joel Quenneville akabaki akiwategemea zaidi mabeki wanne, Oduya akiwemo, miaka 33. Wakabeba tena.

Kwanini beki anachelewa hivi? Kasi unazaliwa nayo. Kusoma mchezo, kujua lini utoke na lini ubaki, kunatokana na kukosea kwenye mechi halisi kisha kurudi wiki inayofuata. Oduya aliipata nafasi hiyo daraja la pili. Angekaa benchi timu kubwa, leo tusingemjadili.

Mfano wa nyumbani tunao. Ibrahim Bacca alitua Yanga Januari 2022 akitokea KMKM ya Zanzibar, ana miaka 24. Mbele yake walikuwepo Dickson Job na Bakari Mwamnyeto. Alisubiri, akaja kuwa kisiki cha Yanga na Taifa Stars. Je, angekatiwa tamaa akiwa na miaka 21?

Najua hoja ya viongozi wa klabu: kocha akifungwa mechi tatu anafukuzwa, nani ana muda wa kulea beki? Ni kweli. Ila kuna njia ya bei nafuu: mkopo. Badala ya kumkalisha benchi, mpeleke Championship kwenye timu itakayomwanzisha kila wiki. Na hesabu dakika alizocheza, siyo makosa peke yake.

Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, kwa hiyo kijana wa hapa anauona mlango kwa macho. Afcon 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, na Stars itahitaji mabeki waliokomaa kwa mechi. Straika unaweza kumnunua Januari akakufungia Februari. Beki ulitakiwa uanze naye miaka minne nyuma.