Mzuka wa Ukumbini

Tangu muhula uanze, ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza hawaji mazoezi ya mchezo wa kuigiza usiku. Wameambiwa na wakubwa wao kwamba ukumbini kuna mzuka utembeao darini. Nathubutu kusema mzuka huo ni mabati. Baridi ya Mbeya ikishuka mwezi wa Julai, mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa hunywea na kulia ta! ta! Kinachobaki ni popo.

Simdharau aaminiye mizimu. Kwetu Iringa liko jiwe la Gangilonga, yaani jiwe lisemalo. Na Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hayo ni mambo ya heshima. Lakini huu wa kwetu umetungwa na watu wanaotaka ukumbi uwe wao peke yao kwa mpira wa meza!

Hata London, katika jumba la michezo la Drury Lane lililofunguliwa mwaka 1812, husimuliwa mzuka wa mtu mwenye joho la kijivu. Waigizaji wa huko wakisikia ameonekana hufurahi, kwani husema mchezo utapata watazamaji wengi.

Sisi mzuka tunaoutafuta ni wa Kaizari, umtokeao Brutus hemani, katika mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Nafasi hiyo haijapata mtu. Mazoezi ni kila Ijumaa, saa mbili usiku. Nitakuja na taa.