UCHAMBUZI: Mashine huona kilichomo begini, haioni aliyekiweka

Ukisafiri kwa SGR kwenda Mombasa au ukipanda ndege JKIA, begi lako hupitishwa kwenye mashine kabla hujaketi. Wengi wetu huona ni usumbufu tu. Lakini wewe kijana unafaa kujua mashine hizi zinaona nini, kwani siku moja zinaweza kukutia taabani.

Eksirei ya kawaida hupenya begi na kuchora kivuli. Chuma huzuia miale, hivyo bunduki huonekana wazi. Shida ni vitu vyepesi: dawa za kulevya na vilipuzi vya plastiki haviizuii sana. Desemba 1988, bomu la plastiki lililofichwa ndani ya redio ya kaseti, kwenye sanduku, lililipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 walifariki.

Visa kama hicho ndivyo vilivyofanya mashine za miale inayorudi zitakikane. Badala ya kungoja miale itokee upande wa pili, hunasa ile inayogonga kitu na kurudi ilikotoka. Vitu vyenye kaboni, haidrojeni na oksijeni kwa wingi huirudisha kuliko chuma, hivyo hung'aa kwenye skrini. Kilichojificha ndicho kinachowaka.

Ila usidhani ni muujiza. Unga wa ugali, sukari na sabuni pia hung'aa. Tena miale hiyo haionyeshi vyema kilicho ndani kabisa. Kitu kilichofukiwa katikati ya begi lililoshindiliwa kinaweza kupita. Ndiyo maana bado tunahitaji eksirei ya kawaida, mbwa wa kunusa na, zaidi ya yote, jicho la afisa aliye mbele ya skrini. Kununua mitambo bila kumpa afisa huyo mafunzo na muda wa kupumzika ni kununua televisheni ghali.

Sasa hapa ndipo inakuhusu. Mashine haijui pakiti ile iliwekwa na nani. "Nisaidie tu na hii begi, kuna mtu atakuja kuichukua." Ukiambiwa hivyo, hata kama ni rafiki, binamu au ajenti aliyekutafutia kazi ng'ambo, mwambie unataka kulifungua, utoe kila kitu, upange upya mwenyewe. Akikataa, kataa pia. Begi likisimamishwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyelibeba, si yeye aliyebaki nyumbani.