Sauti ikigoma, abiria utawaitaje?

Leo mapenzi nayaweka kando. Naongelea sauti, maana mjini hapa sauti ni mtaji. Muulize dalali wa mchele.

Mnajua mtu anaweza kupasuliwa kifua, akapona, halafu akabaki ananong'ona tu? Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto una safari ya ajabu. Unatoka kichwani, unapita shingoni bila kusimama, unashuka hadi kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu utokao kwenye moyo, ndipo unapanda tena kooni. Ni sawa na utoke Shinyanga uje Kahama kwa kuzungukia Mwanza na Geita! Basi daktari akishughulika na moyo au pafu, mshipa huo unaweza kuvutwa, kubanwa, hata kukatwa. Na bila kisu pia, moyo uliotanuka kwa vali mbovu unaweza kuubana. Daktari Ortner aliliandika hilo tangu 1897.

Mshikaji wangu mmoja ni mpiga debe. Zamani akiita "Geita, Katorooo!" ungedhani kameza spika. Tangu apasuliwe mwaka jana, neno la tatu tu pumzi imekata. Akinywa maji anapaliwa. Akikohoa, kikohozi hakina nguvu. Simu hapokei, anatuma meseji. Stendi wakasema karogwa, wengine eti anajidai kwa sababu katoka Dar. Kilichomuuma zaidi ni mchumba kumuuliza kama ndiyo basi tena. Siku hizi anatumia filimbi, na abiria wanacheka lakini wanapanda.

Mchawi hayupo hapo, jamani. Uzi mmoja umelala, hauufikii mwenzake, hewa inavuja. Kama mshipa ulivutwa tu, sauti huweza kurudi yenyewe, mara nyingi ndani ya miezi sita hadi mwaka. Ukingoja, kuna mazoezi ya sauti na ya kumeza. Ikigoma kabisa, kuna sindano ya kuusogeza uzi katikati, au upasuaji mdogo shingoni. Asali na tangawizi kunywa tu kwa raha zako, mshipa haziuamshi.

Anayetakiwa ni daktari wa masikio, pua na koo. Bugando wapo, Muhimbili wapo. Anapitisha kamera nyembamba puani, anaangalia uzi upi umelala. Ukiona unapaliwa kila mlo, usingoje tarehe ya kliniki, maana chakula kikishukia mapafuni kinaleta nimonia. Na wewe unayempigia simu mtu wa hivyo, acha kumfokea "ongeza sauti!" Ataitoa wapi?